Sungura Wangu Amepinda Shingo: Maswali na Majibu

Jioni umemwacha mzima. Asubuhi unafungua banda, unamkuta kichwa kimelala begani, jicho moja linatazama juu na jingine limeelekea sakafuni. Pamba, jike letu jeupe, alianza hivyo miaka mitatu iliyopita, na kichwa chake hakijanyooka mpaka leo. Anakula, anakimbia kwa kuzungukazunguka, na akisikia mtu anachambua matembele anakuja mbio. Tangu hapo wafugaji wenzangu huniuliza maswali yaleyale. Ninayajibu kwa niliyoelekezwa na daktari wa mifugo na kwa niliyoyaona mwenyewe nikimtunza.

Huu ni ugonjwa gani? Jirani anasema ni kifafa.

Si kifafa. Mwenye kifafa mara nyingi hupotewa na fahamu. Huyu yuko macho, anasikia, anaogopa. Kilichoharibika ni mizani ya mwili: ubongo unamwambia sakafu imegeuka, naye anajibiringisha akijaribu kuifuata. Utaona pia macho yanachezacheza upande kwa upande.

Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Ni kiumbe cha seli moja, jamaa ya kuvu, na kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwa sungura waliokuwa wamepooza. Hujificha kwenye ubongo, figo na lenzi ya jicho. Ndiyo maana mmoja hupinda shingo, mwingine huburuta miguu ya nyuma au kujikojolea, na mwingine huota wingu jeupe kwenye jicho. Chanzo cha pili ni usaha ndani kabisa ya sikio, ambao kwa nje huwezi kuuona.

Kama aliwahi kuumwa na mbwa au nguchiro, mwambie daktari kabla hajamshika, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kwa sungura ni nadra, lakini lisemwe.

Ameupata wapi, na hatoki ndani?

Kwenye mkojo wa sungura mwingine, au tumboni kwa mama yake. Sungura aliyeambukizwa huanza kutoa spora, yaani mbegu ndogo za kimelea, kwenye mkojo baada ya mwezi hivi, na huendelea mpaka karibu mwezi wa tatu. Spora hizo huingia kwenye majani na maji, na mwenzake anazila. Kisha kimelea kinatulia. Anaweza kukaa nacho miaka bila dalili yoyote, hadi mwili udhoofike kwa safari, joto kali, ugonjwa mwingine au uzee. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2006 ulikuta karibu nusu ya sungura wa nyumbani walioonekana wazima wana kingamwili za kimelea hiki, yaani alama kwenye damu kwamba mwili uliwahi kukutana nacho.

Kwa hiyo usijilaumu, wala usimlaumu aliyekuuzia. Ni hesabu hiyohiyo inayofanya kipimo cha damu kuwa na utata: kukuta kingamwili hakuthibitishi kwamba ndicho kilichompindisha shingo, ila asipokuwa nazo kabisa, daktari ataanza kulitazama sikio kwa makini zaidi.

Dawa ipo?

Ipo, na wengi tumeiona dukani bila kujua: fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe. Kipimo kinachotumika ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo tulia usome lebo. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwenye kila mililita. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25. Sungura wa kilo mbili anahitaji miligramu 40, yaani mililita 0.4 ya chupa ya kwanza au 1.6 ya chupa ya pili. Ukikosea chupa, unaweza kumpa mara nne ya kipimo, na dawa hii ikizidi inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Mpime uzito, umwache daktari athibitishe hesabu. Tanzania unaweza kuuliza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Kenya, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichopo Kabete.

Fenbendazoli inakizuia kimelea kuongezeka. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kuumia haiwezi kuirudisha, na hii ndiyo sababu shingo inaweza kubaki imepinda hata dawa ikifanya kazi yake yote. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kutuliza kizunguzungu na ya maumivu, au antibayotiki kama anashuku sikio.

Kuna vitu nakuomba usivijaribu. Ivermektini haikigusi kimelea hiki. Albendazoli ya binadamu imewahi kuua sungura kwa kuharibu uboho. Amoksilini ya kunywa huua bakteria wazuri wa tumboni mwa sungura, akaharisha na kufa. Na sindano ya steroidi, ambayo wengine huchomwa haraka haraka "ili shingo inyooke", inamshushia kinga wakati anaihitaji kuliko wakati wowote.

Siku za mwanzo nifanye nini?

Mtoe kwenye banda la waya. Pamba alilala wiki mbili ndani ya boksi pana la katoni. Chini tulitandika blanketi kuukuu, na pembeni tukaviringisha taulo na kuzibana kama kuta, ili akibiringika akutane na kitu laini. Punguza kelele, na usimnyanyue ila kwa lazima. Ukimnyanyua, mbane kifuani mwili mzima, miguu ikiwa imeshikwa. Akihisi ananing'inia ataanza kuzunguka upya na anaweza kuvunjika mgongo.

Kisha chakula. Kama kuna neno moja utakaloondoka nalo hapa, liwe hili: sungura asiyekula kwa nusu siku yuko hatarini. Utumbo wake haujui kupumzika. Ukisimama, gesi inajaa, na wengi hufa kwa tumbo wala si kwa ugonjwa wa ubongo. Mlishe kwa mkono, upande ambao mdomo umeelekea. Pamba alikataa kila kitu siku ya kwanza, nyasi na karoti pia, mpaka mama alipomsogezea kijiti cha kotimiri puani. Harufu ilimfikia kabla jicho halijakiona. Alikitafuna polepole, kichwa kikitikisika, na akakimaliza.

Akikataa kabisa, loweka chakula chake cha tembe kwenye maji ya uvuguvugu, saga kiwe uji, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara nne kwa siku, kidogo kidogo kutoka pembeni ya mdomo, akiwa amelalia tumbo. Usimlaze chali, uji utaingia kwenye mapafu.

Miezi imepita na kichwa bado kimepinda. Maisha yake yatakuwaje?

Atazoea. Ubongo hujifunza upya kusimama kwenye ulimwengu ulioinama, na sungura ana subira kuliko tunavyodhani. Kazi yako ni kumfanyia yale ambayo shingo haimruhusu.

Jicho la chini hugusa nyasi na vumbi, na mara nyingi halifumbi vizuri. Lifute kila siku kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Likikauka au kuwa jekundu, daktari atakupa mafuta ya jicho. Weka maji kwenye bakuli zito, fupi, kwa sababu chupa ya kuning'inia hataifikia. Sakafu isiteleze: mkeka au zulia kuukuu vinafaa. Usibadilishe badilishe mpangilio wa vitu, maana anatembea kwa kukariri.

Halafu nyuma. Sungura mzima huinama na kula kinyesi chake laini moja kwa moja kinapotoka. Ni sehemu ya lishe yake. Aliyepinda shingo hafiki, kwa hiyo kinaganda kwenye manyoya, mkojo nao unamuunguza ngozi. Inzi anatua, anataga, na ndani ya siku moja kuna funza wanaomla akiwa hai. Nimeona hilo kwa sungura wa rafiki yangu na sitaki ulione. Msafishe asubuhi na jioni kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mkaushe kabisa. Manyoya ya eneo hilo yapunguzwe kwa mkasi.

Mpime kila Jumamosi kwa mizani ya jikoni, uandike. Uzito hushuka kabla macho yako hayajaona kitu.

Mwenzake nimtenge?

Kama wamekaa pamoja muda mrefu, huenda wameshaambukizana, na upweke unamuumiza mgonjwa. Mimi sikuwatenga. Muulize daktari kama mwenzake naye apewe dawa. Osha banda na vyombo kwa maji yanayochemka, na zoa mkojo kila siku, maana spora hudumu wiki kadhaa nje ya mwili.

Watu wanaambukizwa?

Inawezekana, hasa mwenye kinga dhaifu: anayeishi na VVU ambaye matibabu bado hayajatulia, aliyepandikizwa figo, au anayetumia dawa za saratani. Hao wasisafishe banda. Wengine nawa kwa sabuni kila unapomshika, na watoto wasimbusu.

Na tukiamua kumchinja?

Swali hili ni halali, sungura kwetu ni kitoweo pia. Lakini mnyama mgonjwa wa ubongo asiliwe kabla daktari hajamwona, na aliye kwenye dozi ana dawa mwilini.

Nitajuaje kwamba imetosha?

Usiamue wiki ya kwanza. Ndiyo mbaya kuliko zote, na wengi huonyesha nafuu ndani ya wiki chache za dawa. Lakini kama mwezi umeisha naye bado anabiringika bila kukoma, hali chakula mwenyewe, anasaga meno kwa maumivu na ngozi imejaa vidonda, mwombe daktari ampumzishe kwa sindano. Nilimwekea Pamba kipimo changu mapema, nikakiandika kwenye daftari lilelile la uzito: siku tatu mfululizo asipoinuka kwa ajili ya kotimiri, nitapiga simu. Nakikumbuka kila asubuhi ninapofungua mlango na kusikia kucha zake zikikwaruza mkeka, zikija kwa mduara.