Kwa nini fundi huweka balbu mahali pa fyuzi?

Ukikanyaga breki, fyuzi inakatika. Unaweka mpya, unakanyaga tena, nayo inakwenda. Fundi umeme akifika hahangaiki na fyuzi ya tatu. Anatoa mfukoni balbu ya breki yenye vipande viwili vya waya, anaichomeka pale fyuzi ilipotoka, halafu anaanza kutikisa nyaya huku jicho lake liko kwenye balbu. Mara ya kwanza kuliona hilo nilidhani ananitania.

Kabla ya balbu, nikiri kosa langu. Kwa miaka niliamini fyuzi hulinda kifaa: ya redio inalinda redio, ya taa inalinda taa. Kwa hesabu hiyo, ya ampea 10 ikikatika mara kwa mara, dawa ni kuweka ya 20. Taa ni zile zile, zitadhurika nini? Nikaiweka. Taa za breki ziliwaka, nikafurahi kwa dakika chache, kisha harufu ya plastiki ikapanda kutoka chini ya dashibodi.

Fyuzi hulinda waya. Balbu ya breki ya wati 21 huvuta chini ya ampea 2 na haihitaji mlinzi; ikiungua imeungua, unanunua nyingine. Mwenye kuhitaji ulinzi ni waya uliopita chini ya zulia na ndani ya nguzo za mlango, ambako moto ukianza hutauona mapema. Kamba hukatikia pembamba, na fyuzi ni pembamba palipotengenezwa kwa makusudi, tena mahali mkono unapofika. Ndiyo maana namba yake hufuata unene wa waya, na rangi zake (nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30) si mapambo. Ukizidisha namba, pembamba panahamia kwenye waya wenyewe. Ukiweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, umeondoa kabisa.

Shoti kamili ingeikata hata ile ya 20. Mita 5 za waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba zina ukinzani wa omu 0.09 hivi, ukigawa volti 12 kwa hiyo unapata zaidi ya ampea 130. Hiyo ni hesabu ya karatasini, kwa kuwa maungio na mguso wenyewe hupunguza, lakini hata nusu yake inatosha. Hatari ni shoti nusu-nusu, ile ya unyuzi mmoja wa shaba unaogusa bati kwa kusitasita na kuvuta ampea 17 au 18. Fyuzi ya 10 isingeivumilia kwa muda mrefu. Ya 20 inaiona ni mzigo wa kawaida, na waya unapikika taratibu.

Na mtaani kila ugonjwa wa umeme wa gari huitwa shoti. Taa isiyowaka huku fyuzi ni nzima kwa kawaida ina ugonjwa wa kinyume: umeme umekosa njia. Kwenye shoti umepata njia ya mkato, na gari limejaa njia hizo, maana bodi yote imefungwa kwenye hasi ya betri. Kila ukingo wa bati unangoja waya uchubuke.

Sasa balbu. Fikiria daraja jembamba linalopitisha gari moja moja. Hata barabara ya ng'ambo ikiwa wazi kiasi gani, hayavuki mengi kuliko daraja linavyoruhusu. Balbu ya wati 21 ndiyo daraja hilo: shoti iwe kubwa namna gani, mkondo haupiti sana ampea 2, na waya unabaki baridi. Fyuzi ni shahidi anayekufa baada ya neno moja. Balbu inaendelea kusema saa nzima.

Inasema kwa mwanga. Chukulia volti 12 ni magunia 12 ya kugawana njiani, na kila mmoja hubeba kwa kadiri ya ukinzani wake. Kukiwa na shoti, mbele ya balbu hakuna mbebaji mwingine. Inayabeba yote, inawaka kikamilifu. Chomoa plagi moja baada ya nyingine: ukichomoa ya mlango wa nyuma na balbu ikazimika, mwizi yuko ng'ambo ya plagi hiyo.

Ila lazima kwanza utoe balbu za breki kwenye soketi zake, la sivyo utadanganywa. Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani wa karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa wakati inawaka. Taa mbili tatu pamoja, zikiwa baridi, zinafanana sana na shoti. Hata mita ya fundi, ile inayolia ikikuta njia ya umeme, hulia kwa furaha ikizipima. Nao mfumo wa mifuko ya hewa, wenye plagi za njano, usiuguse kwa balbu wala mita.

Mafundi wengi huanzia kwenye ule mpira unaobeba nyaya kuingia mlango wa nyuma, kwa kuwa hapo waya hukunjwa kila siku. Si sheria: panya au skurubu ya spika huweza kufanya kazi hiyo hiyo. Pakishapatikana, hufungua hasi ya betri kwanza, ili spana ikigusa bodi isije ikapiga shoti nyingine. Kuzungushia tepu penye mkunjo hakudumu, na lehemu hapo huufanya waya mkavu ukakatika pembeni yake. Huweka kipande kipya cha waya laini na kuunga mbali na mkunjo.

Kwangu ilikuwa kwenye ule mpira, unyuzi mmoja tu. Fundi alibadilisha nyaya mbili: huo, na ule wa chini ya dashibodi niliouchoma mwenyewe.