Bei Kwanza, Bidhaa Baadaye: Wajasiriamali wa India Wanavyopiga Hesabu

Ukiuliza sifa za mjasiriamali aliyefanikiwa, utapewa orodha ileile: uthubutu, maono, kujituma, kutokata tamaa. Sipingi hata moja. Ila waliofilisika nao walikuwa nazo. Nikizitazama biashara za India zilizoanza na mtaji wa mfukoni zikaenea nchi nzima, naona jambo jingine likijirudia. Mwenye biashara alianza na bei ambayo mnunuzi anaweza kuitoa leo, kwa fedha iliyo mkononi, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye malighafi. Wengi hufanya kinyume: hutengeneza kitu, hujumlisha gharama, huweka faida juu, halafu hushangaa mbona hakitoki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni sabuni ya Nirma. Mwaka 1969, mjini Ahmedabad katika jimbo la Gujarat, Karsanbhai Patel alikuwa mtumishi wa maabara serikalini. Alianza kutengeneza sabuni ya unga nyumbani na kuiuza mlango kwa mlango kwa baiskeli. Sabuni iliyotamba wakati huo, Surf ya kampuni ya Hindustan Lever, iliuzwa takriban rupia 13 kwa kilo. Yeye aliuza yake takriban rupia 3.50. Pengo hilo halizibwi kwa kubana matumizi tu. Linahitaji kuamua nini hakitakuwemo. Patel alitegemea zaidi magadi ya kiwandani, yaani soda ash, akaacha vikolezo vya kung'arisha, akafunga kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki, na kuchanganya kwa mikono. Hilo la mikono lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu uzalishaji mdogo usiotumia umeme ulisamehewa ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo mashine ambayo wengine wangeikimbilia mapema ingempandishia gharama mara mbili, kwa ununuzi na kwa ushuru.

Sabuni ile haikuwa laini kwa ngozi ya mikono, na washindani walilisema hilo hadharani. Lakini mnunuzi wake hakuwa akichagua kati ya Nirma na Surf. Alikuwa akichagua kati ya Nirma na kipande cha sabuni ya mche. Hindustan Lever ilipokuja na sabuni yake ya bei nafuu, Wheel, mwishoni mwa miaka ya 1980, Nirma ilikuwa imeshakaa kwenye maduka ya vijijini.

India ina sheria inayomlazimisha kila mtengenezaji kufikiri hivi, apende asipende. Kila bidhaa iliyofungwa lazima ichapwe bei ya juu ya rejareja, maarufu kama MRP, kodi zote zikiwa ndani, na muuzaji haruhusiwi kuzidisha. Halafu soko lenyewe limezoea bei za duara: rupia 1, 2, 5, 10, 20. Pakiti ya rupia 11 hukaa rafuni, kwa kuwa mwenye duka hana chenji na mteja hana muda.

Chukua pakiti ya manjano ya unga ya rupia 10. (Huu ni mfano wa hesabu tu; viwango hutofautiana kwa eneo na bidhaa.) Kodi ya bidhaa na huduma, GST, kwa viungo ni asilimia 5, nayo imo ndani ya zile 10, kwa hiyo ondoa paisa 48 (paisa 100 ni rupia moja). Duka la mtaani, wanaloliita kirana, litataka kama rupia 1.15. Msambazaji achukue paisa 57. Zimebaki rupia 7.80. Usafiri na mali inayochanika au kupata unyevu, paisa 50. Pakiti yenyewe, paisa 60. Ofa ya "chukua 12, upate moja bure", ambayo wenye maduka huidai hasa kwa jina jipya, hula kama paisa 60 nyingine. Ukitaka faida ya paisa 80, umebakiwa na rupia 5.30 za manjano, kusaga, umeme na ujira. Kama kilo iliyokwisha sagwa inakufikia kwa rupia 220, fedha hiyo inakupa gramu 24. Basi pakiti yako ni ya gramu 24. Hakuna aliyeiamua, imetokana na hesabu.

Manjano yakipanda hadi kilo ikufikie kwa rupia 265, bei ya pakiti haisogei. Kinachopungua ni uzito, mpaka gramu 20. Hapa wapya wengi huumia: ili gharama ya kila pakiti ishuke, waliagiza shehena kubwa ya karatasi iliyokwisha chapwa uzito wa gramu 24. Sasa ama watupe karatasi, ama wauze kwa hasara mpaka iishe, ama wapunje uzito, na kupunja ni kosa chini ya sheria ya vipimo ya mwaka 2009. Kwa mwaka wa kwanza naona ni afadhali kulipa zaidi kidogo kwa rola ndogo za karatasi kuliko kufungwa na shehena ya bei nafuu.

Kipakiti kidogo kilikuwa na bingwa wake kusini. C. K. Ranganathan alijitenga na biashara ya familia huko Cuddalore, Tamil Nadu, mwaka 1983, akaanza shampuu ya Chik kwa rupia 15,000. Baba yake, Chinni Krishnan, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa kuuza shampuu kwa vipakiti. Kwa mtu anayelipwa ujira wa kutwa, chupa ni akiba ya mwezi mzima iliyofungiwa bafuni. Kipakiti ni matumizi ya leo. Lakini vipakiti pekee visingemfikisha mbali, maana kampuni nyingine nazo zilikuwa navyo. Alichoongeza ni mabadilishano: leta vipakiti vitano vitupu vya shampuu yoyote, upate Chik kimoja bure. Baadaye akabadili, vikawa ni vipakiti vya Chik tu. Tazama mpangilio huo vizuri. Hatua ya kwanza ilimlenga mtu aliyekwisha kuzoea shampuu, kwa hiyo hakulipa gharama ya kumfundisha. Hatua ya pili ilimfunga asirudi alikotoka. Angeanza na ya pili, asingekuwa na wa kumfunga.

Vijijini, ambako watu walioshea nywele sabuni, wauzaji wake walimwosha mvulana wa shule mbele ya watu, kisha wakawaacha waliokusanyika washike na kunusa nywele. Mwaka 1999 kipakiti kikashushwa hadi paisa 50. Kampuni hiyo leo inaitwa CavinKare.

Nidhamu ya ubora nayo ina sura yake, na hapa napenda kuwataja kina mama wa Lijjat. Tarehe 15 Machi 1959, wanawake saba wa Girgaum, Bombay, walianza kutengeneza papad, vile vikaki vyembamba vya unga wa jamii ya kunde vinavyokaushwa, kwa mkopo wa rupia 80. Mwanzoni walitengeneza daraja mbili: nzuri kwa bei ya juu, hafifu kwa bei ya chini. Mlezi wao, Chhaganlal Parekh, aliwashauri waache, watengeneze daraja moja tu, na waweke hesabu kama biashara nyingine yoyote. Ushauri huo wa daraja moja ni wa kibiashara hasa. Ukiwa na daraja mbili, kila kosa la jikoni hupata pa kukimbilia, na baada ya muda mfupi jina lako linajulikana kwa ile hafifu. Ukiwa na daraja moja, kosa halina soko, basi linarekebishwa pale lilipozaliwa.

Mwaka wa kwanza mvua za masika zilisimamisha kazi kwa miezi minne kwa sababu papad hazikukauka. Mwaka uliofuata walinunua kitanda na jiko, wakaanika papad juu ya kitanda na kuwasha jiko chini yake. Utaratibu uliokuja kukua ni huu: unga unakandwa kituoni, wanachama wanauchukua kwenda kuusukuma nyumbani, kisha wanarudisha papad zilizokauka na kulipwa. Hakuna jengo kubwa la kupanga, na mwenye watoto wadogo anaweza kufanya kazi. Wanachama leo ni zaidi ya 40,000.

Kuhusu kubuni kwa kuungaunga, ambako Wahindi hukuita jugaad, nadhani kunasifiwa kupita kiasi. Kitanda na jiko vilisaidia kwa sababu nyuma yake palikuwa na daraja moja la ubora na daftari la hesabu. Arunachalam Muruganantham wa Coimbatore, aliyetengeneza mashine rahisi ya taulo za hedhi, naye husimuliwa kama fundi wa kuungaunga. Ukweli ni kwamba alitumia zaidi ya miaka miwili kutafuta kwa nini taulo zake za pamba zilivuja, mpaka akagundua kuwa za viwandani zilikuwa na nyuzi za selulosi zitokanazo na mbao. Baada ya hapo ndipo akagawa kazi katika hatua nne: kusaga nyuzi, kuzishindilia, kuzifunga, na kuua vijidudu kwa mwanga wa urujuanimno. Huo ni utafiti, tena wa subira.

Sasa nije kwenye mali kauli, maana ndiko mitaji mingi inakofia. Muuzaji mpya akifika kwa msambazaji, jibu la kawaida ni "acha mzigo, nitakulipa ukiisha". Tuseme unauza rupia 20,000 kwa siku na umekubali siku 30. Laki sita zako ziko nje wakati wote, ilhali manjano unayanunua mnadani kwa fedha taslimu. Na kwa faida ya asilimia 10, laki moja iliyopotea kwa mdaiwa mmoja hurudishwa na mauzo ya laki kumi. Nirma ilikumbana na hili. Mapema miaka ya 1980 madeni ya wenye maduka yalikuwa yamelundikana, Patel akaagiza walipe ama mzigo urudi. Baada ya kuuondoa sokoni akarusha matangazo kwa wingi, wateja wakaanza kuuliza dukani, na wenye maduka ndio wakamfuata. Ni mbinu kali, na haifai kuigwa na mtu ambaye bidhaa yake bado haiulizwi. Mdogo afanye hivi: ampe msambazaji mzigo wa kwanza kwa fedha taslimu hata kama ni katoni tano, asitoe mzigo wa tatu kabla wa kwanza na wa pili haujalipwa, na aweke kikomo cha deni kwa kila jina kabla ya urafiki kuanza.

Wafanyabiashara wa Kimarwari, jamii yenye asili ya Rajasthan ambako imetoka familia ya matajiri wa viwanda ya Birla, wana utaratibu uitwao parta: hesabu ya faida hufungwa kila siku, si kila mwezi. Thamani yake ni kwamba deni bovu huonekana likiwa la siku tatu. Pwani yetu inaujua upande mwingine wa jambo hili. Allidina Visram, aliyetoka Kutch, magharibi mwa India, akiwa kijana na kuanzia Bagamoyo, alieneza maduka mpaka Uganda kwa kuwapa wengine bidhaa kwa mkopo. Mtandao wa namna hiyo husimama juu ya mtu anayemjua kila mdaiwa, na baada ya kifo chake mwaka 1916 haukudumu.

Kwenye kampuni za teknolojia hesabu ni ileile kwa tarakimu kubwa. Flipkart, iliyoanzishwa Bangalore mwaka 2007 kwa kuuza vitabu mtandaoni, ilikubali mwaka 2010 kulipwa mzigo ukifika mlangoni, kwa sababu wanunuzi wengi hawakuwa na kadi, au hawakuiamini tovuti. Gharama yake ni mizigo inayokataliwa mlangoni, na usafiri wa kwenda na kurudi unabaki kwako. Zerodha, ya mwaka 2010, iliwatoza wanaonunua na kuuza hisa ada isiyozidi rupia 20 kwa muamala, ikakua bila fedha za wawekezaji wa nje. Byju's, kampuni ya masomo ya mtandaoni, ilithaminiwa dola bilioni 22 mwaka 2022, baada ya kununua kampuni nyingi na kukopa dola bilioni 1.2; mwaka 2024 ilikuwa mahakamani kwa shauri la ufilisi.

Mwisho, makaratasi, kwa anayeanza India sasa. Usajili wa biashara ndogo uitwao Udyam, ulioanza Julai 2020, ni bure na hufanyika mtandaoni. Wapo mawakala wenye tovuti zinazofanana na ya serikali wanaotoza fedha. Ukisajiliwa kama mtengenezaji au mtoa huduma mdogo, mnunuzi wako kisheria anatakiwa kukulipa ndani ya siku 15, au ndani ya siku 45 kama mna mkataba wa maandishi. Akichelewa anadaiwa riba ya mara tatu ya kiwango cha benki kuu. Mchuuzi wa jumla au rejareja anaweza kusajiliwa pia, lakini ulinzi huo wa malipo haumhusu.

Kwenye GST, anayeuza bidhaa husajiliwa akipita mauzo ya laki 40 kwa mwaka katika majimbo mengi. Kuna mpango wa unafuu kwa wenye mauzo yasiyozidi rupia milioni 15: mtengenezaji hulipa asilimia 1 tu na makaratasi hupungua. Unavutia, lakini soma masharti. Ukiwa ndani yake huwezi kuuza bidhaa nje ya jimbo lako, na mnunuzi hawezi kurudishiwa kodi kupitia ankara yako. Kwa anayeuza moja kwa moja kwa walaji wa mji mmoja, unafaa sana. Kwa anayetafuta wasambazaji, watamkataa, au watamshusha bei kwa kiasi cha kodi wanayoikosa, na kwenye pakiti ya rupia 10 hicho ni karibu nusu ya zile paisa 80 za faida.