Je, aliyetibiwa selimundu kwa kirusi bado anaweza kumrithisha mwanawe?

Ndiyo, anaweza, na mimi kwa muda mrefu niliamini kinyume chake. Niliposikia "kuhariri jeni" nilidhani kirusi kinaingia kwenye seli, kinaitafuta ile herufi moja iliyokosewa katika jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), kinaifuta na kuandika iliyo sahihi. Kumbe katika Lyfgenia, tiba inayotumia kirusi na iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, jeni mbovu haiguswi kabisa. Hata Casgevy, tiba nyingine ya selimundu iliyoidhinishwa siku hiyohiyo na isiyotumia kirusi, haiisahihishi herufi hiyo. Huamsha himoglobini ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni.

Chukua daftari la mapishi lenye ukurasa mmoja uliokosewa. Kirusi hakiuchani. Kinachomeka ukurasa mwingine, popote daftari litakapofunguka, na tangu hapo mpishi anasoma zote mbili. Seli inatengeneza himoglobini mbovu na nzima kwa pamoja, na ajabu ni kwamba inatosha! Himoglobini mbovu hushikana kama watoto wanaopanga mstari mkono kwa mkono, mpaka chembe nyekundu inapinda kama mundu. Ile mpya imeundwa isishike mkono vizuri. Ikiingia katikati, mstari unakatika.

Kirusi chenyewe kimetengenezwa kutokana na VVU, lakini jeni za kuzaliana zimeondolewa, hivyo hakiambukizi Ukimwi. Kilichotakiwa ni ufundi wake wa kuingia kwenye kiini cha seli hata isipogawanyika, maana seli shina, zile za uboho zinazozaa chembe za damu, muda mwingi zimetulia. Kazi ya kuchomeka hufanyika maabara, kwenye seli zilizotolewa kwa mgonjwa. Mgonjwa hupewa kemotherapi kali ya kuondoa seli za uboho wake, kisha seli zake zilizochomekwa jeni hurudishwa kwa dripu.

Hilo "popote" ndilo la kuchunga. Katika majaribio ya Paris kwa watoto waliozaliwa bila kinga, yaliyotumia kirusi cha aina nyingine, ukurasa uliangukia jirani na LMO2, jeni inayoweza kuchochea saratani ikiwashwa ovyo, na baadhi yao wakapata saratani ya damu. Virusi vya sasa vimeboreshwa, ila Lyfgenia bado inabeba onyo la saratani hiyo, na waliotibiwa hufuatiliwa miaka 15.

Mayai na mbegu za kiume havikupitia maabara. Mama wa SS (mwenye jeni mbovu mbili, yaani mgonjwa) aliyetibiwa, hata kama maumivu yameisha, akizaa na mwanaume wa AS (mwenye jeni mbovu moja tu), kila mimba ina nafasi moja kati ya mbili ya kuleta mtoto mwenye selimundu.