Mausi au kibodi? Muulize dada wa kaunta

Wanafunzi wangu hapa Malindi wakitengeneza programu za dukani hujaza vitufe vya kubonyeza kwa mausi kila mahali, vinapendeza macho kweli, lakini nawaambia ipelekeni kwanza kwa mtu anayeuza. Moja tuliipeleka duka la hardware, dada wa kaunta akaitumia kama nusu saa hivi akaniita, "Mwalimu, mkono mmoja nashika pesa, huu mwingine ndo napiga namba, sasa hii mausi niishike na nini?" Na kaunta yenyewe ni kioo, mausi ya taa ikiwa juu ya kioo haisomi vizuri, keshaiwekea kipande cha katoni ya misumari.

Hayo malalamiko yana hesabu yake. Mwaka 1980 watafiti wa kompyuta Card, Moran na Newell walitoa makadirio: kuhamisha mkono kutoka kibodi hadi mausi sekunde 0.4, kulenga kitufe kama 1.1, na kurudi tena 0.4. Utasema si kitu, ila risiti ya bidhaa 10 ni sekunde 19 zimeenda, hata kubonyeza hujahesabu, na foleni iko mlangoni.

Tukabadilisha, Enter inakupeleka bidhaa inayofuata na F9 inaprinti. Mausi hatukuitoa, bosi anaitumia akipekua ripoti, maana pale hajui anatafuta nini mpaka akione, na ramani ya nyumba pia huwezi kuchora kwa vitufe vya vishale ukamaliza leo. Apple walijaribu kulazimisha watu, Macintosh ya 1984 ilikuja na kibodi isiyo na vishale kabisa ili kila mtu ashike mausi, baadaye wakavirudisha.

Mimi kipimo changu ni kimoja, chomoa mausi uone kama kazi inaisha. Asiyeona anayesomewa skrini na kompyuta anategemea vitufe kama Tab na Enter, mausi haimsaidii kitu.

Halafu herufi za njia za mkato, zile unazobonyeza badala ya kushika mausi, hapa Kiswahili kina mtego wake. Ctrl+S, S ya Save, iacheni, vidole vimeshaizoea hata kitufe kikiandikwa Hifadhi. Lakini vijana walichukua herufi ya kwanza ya kila neno, Funga F, Futa F, programu ikawa inachukua ile ya mwisho tu, dada akitaka kufunga dirisha anafuta risiti, na mteja wa mabati kasimama pale anaisubiri. Siku hizi kufunga ni Esc, kufuta ni Delete na lazima iulize kwanza.