Mfutie hotuba, tuone amebaki na nini

Nimeletewa tena mswada wa tamthilia wenye mwanamke "shupavu". Kurasa tatu nzima amesimama katikati ya jukwaa akiwapa wanaume somo la haki, wanaume wameinamisha vichwa, pazia. Mwandishi wake anatamba kuwa hii ndiyo tamthilia ya kifeministi. Hapana, bwana. Hiyo ni risala.

Nikishika mswada huwa natazama kwanza nani anaingia na kutoka kwa hiari yake, nani anapanga meza wakati wenzake wanazungumza, tukio tunaliona kwa jicho la nani. Shupavu wetu huyu, ukimfutia hotuba, hana analolitenda.

Wananijibu: mbona Nora, mke anayemwacha mumewe na watoto mwishoni mwa A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen, anahutubia? Anahutubia, ndiyo. Lakini kwanza anaingia ndani, anavua maleba ya dansi aliyovalishwa ili mumewe ajivunie, anarudi na nguo za kila siku, na kumwambia mume aketi. Mwongozaji akiharakisha hapo, ameliua onyesho. Na ushahidi upo. Tamthilia ilianza kuonyeshwa mwaka 1879. Muda mfupi baadaye mwigizaji wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, akakataa kumwigiza mama anayewaacha wanawe. Ibsen, kwa shingo upande, akaandika mwisho mwingine. Mabishano ya mke na mume karibu yote yakabaki vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mume anamvuta hadi kwenye mlango wa chumba cha watoto, mkoba unamponyoka, anaporomoka. Maneno ni yaleyale, ila sasa tamthilia inasema kinyume, kwa sababu mwili umebaki ndani ya nyumba.

Penina Muhando naye, katika Nguzo Mama, amewapa wanawake nguzo waisimamishe. Hadhira inaona jasho, ugomvi na nguzo isiyosimama. Hotuba gani ingefikia hapo?

Kinachonisumbua kweli ni kubadilishana jinsia jukwaani. Katika Cloud Nine, tamthilia ya Mwingereza Caryl Churchill (1979), Betty wa sehemu ya kwanza anaigizwa na mwanamume, kwa kuwa yeye ni mke aliyebuniwa na matakwa ya wanaume. Kwenye karatasi, safi kabisa. Kwenye ukumbi watu wanaangua kicheko gauni linapotokea tu, kabla hata hajafungua mdomo. Wanaucheka mfumo, au wanamcheka mwanamke? Mimi humkataza mwigizaji kubana sauti na kurembua macho. Avae, aseme maneno yake, basi. Vicheko hupungua, haviishi, na vile vinavyobaki bado sijajua vya nani.