Rose Bowl: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila Januari, mashabiki wapya wa futiboli ya Kimarekani hushangaa kuona Rose Bowl, mechi moja ya vyuo vikuu inayochezwa Pasadena, California, ikipewa heshima kupita nyingine. Maelezo mengi yanayosambaa yamekosea, na makosa hayo yanaificha sababu yenyewe: kwa miongo mingi nafasi ya kwenda Pasadena ilikuwa adimu mno.

"Rose Bowl ni fainali ya taifa."

Ni mojawapo ya mechi za boli, zile zinazochezwa baada ya msimu wa kawaida kumalizika. Mara chache imeamua bingwa moja kwa moja, kama Januari 2006, Texas ilipoishinda USC 41–38. Zamani hata matokeo yake hayakuhesabiwa kwenye ubingwa: hadi msimu wa 1967, isipokuwa ule wa 1965, orodha ya mwisho ya timu bora, iliyopigiwa kura na waandishi wa habari kupitia shirika la AP, ilitolewa kabla ya mechi za boli kuchezwa. Tangu msimu wa 2024 mchujo wa ubingwa una timu 12, na Rose Bowl ya Januari 1, 2025, Ohio State ilipoifunga Oregon 41–21, ilikuwa robo fainali.

"Ilipendwa tangu siku ya kwanza."

Hapana, ilikaribia kufa palepale. Tamasha la waridi la Pasadena lilikuwepo tangu 1890. Mechi iliongezwa Januari 1, 1902 ili kuvuta wageni. Michigan walifika kucheza na Stanford wakiwa hawajaruhusu hata pointi moja msimu mzima. Enzi hizo tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ilikuwa na pointi 5, na goli la teke pia 5. Michigan walifunga tachidauni 8, mateke manne ya nyongeza ya pointi moja moja na goli moja: 49–0. Stanford waliomba mchezo ukatishwe zikiwa zimebaki dakika kama 8. Waandaaji wakaiweka kando futiboli, wakajaribu polo, kisha mbio za magari ya kukokotwa na farasi. Mpira ulirudi 1916, Washington State walipoifunga Brown 14–0, na tangu mwaka huo mechi imechezwa kila mwaka.

Wengine hudhani uwanja ndio ulioizaa mechi. Ni kinyume chake. Mechi za awali zilichezwa Tournament Park. Uwanja wa Rose Bowl, uliochorwa na Myron Hunt kwa kufuata umbo la Yale Bowl, ulikamilika 1922. Mwanzoni upande wa kusini ulikuwa wazi. Viti vilizungushwa pande zote 1928.

"Timu isiyopoteza mechi ilikuwa na uhakika wa kwenda."

Hapa ndipo penye kiini cha mvuto wake. Kwa makubaliano yaliyoanza na mechi ya 1947, kwa kawaida bingwa wa Big Ten, ukanda (yaani ligi) wa vyuo vya Magharibi ya Kati ya Marekani, alikutana na bingwa wa Pwani ya Pasifiki. Big Ten haikuruhusu timu nyingine yoyote kucheza boli ya aina yoyote: ama Pasadena, ama nyumbani.

Novemba 24, 1973, Michigan na Ohio State, zote zikiwa hazijapoteza mechi, zilitoka sare 10–10 na kugawana ubingwa wa ukanda. Kesho yake wakurugenzi wa michezo wa vyuo vya Big Ten wakapiga kura kuamua nani aende. Dennis Franklin, mpigapasi mkuu wa Michigan, alikuwa amevunjika mtulinga katika mechi hiyo, na jambo hilo liliwaponza Michigan kwenye kura. Ohio State ikachaguliwa, ikaenda kuifunga USC 42–21. Michigan, walioshinda 10, sare moja na kutopoteza hata moja, walibaki nyumbani. Huo ulikuwa uonevu wa wazi kwa wachezaji. Malalamiko yalikuwa makubwa, na kuanzia msimu wa 1975 Big Ten iliruhusu timu zake kucheza boli nyingine.

"Huchezwa Januari 1, Pasadena, bila kukosa."

Mechi ya 1942 ilihamishiwa Durham, North Carolina, baada ya shambulio la Pearl Harbor. Oregon State waliishinda Duke 20–16. Ya 2021 ilichezwa Arlington, Texas, kwa sababu ya korona. Januari 1 ikiangukia Jumapili, gwaride la tamasha la waridi na mechi husogezwa hadi Jumatatu, kama 2023. Kanuni hiyo ni ya 1893: waandaaji hawakutaka msafara uwashtue farasi waliofungwa nje ya makanisa.

"Kuitazama ukiwa Afrika Mashariki ni kukesha hadi asubuhi."

Pasadena iko nyuma yetu kwa saa 11 wakati huo wa mwaka. Mechi iliyozoeleka kuanza saa 8 mchana kwao huanza saa 7 usiku kwetu, tayari ikiwa Januari 2, nayo huchukua takriban saa tatu na nusu. Mwaka 2026 ilianza saa 7 mchana kwao, saa 6 usiku kwetu. Lakini si lazima uitazame yote: ukianza na kipindi cha pili, hujakosa kile ambacho wengi hukisubiri: kwa ratiba ile ya zamani, jua huzama kabla ya saa 11 jioni ya Pasadena, milima ya San Gabriel ikigeuka rangi ya waridi nyuma ya majukwaa huku robo za mwisho zikiendelea.