Moyo Unadunda, Ubongo Umekufa: Madaktari Hutambuaje?

Swali: Kifua cha mgonjwa kinapanda na kushuka, na ukimshika mkono ana joto. Inakuwaje daktari aseme amefariki?

Jibu: Kinachopandisha kifua hicho ni mashine ya kupumulia. Moyo nao una chanzo chake chenyewe cha umeme, kwa hiyo huendelea kudunda maadamu unapata oksijeni, hata kama ubongo hautoi amri yoyote. Kabla ya mashine hizo hali hii haikuonekana, kwani pumzi ikikatika, moyo ulisimama baada ya dakika chache. Mwaka 1959 madaktari wawili wa Ufaransa, Mollaret na Goulon, waliwaeleza wagonjwa wa namna hii kwa maandishi, na mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ikapendekeza vigezo vya kuwatambua.

Swali: Si ndiyo koma hiyo?

Jibu: Hapana, ingawa kwa macho ya ndugu aliyesimama kando ya kitanda hali hizi mbili hufanana mno. Ubongo wa aliye katika koma bado una sehemu zinazofanya kazi, na wapo wanaopumua wenyewe na hata kuzinduka.

Swali: Daktari huanzia wapi?

Jibu: Huanza kwa kutilia shaka kile anachokiona, na kwa maoni yangu hatua hii ina uzito kuliko vipimo vyenyewe. Ni lazima chanzo kijulikane, kwa mfano jeraha la kichwa au damu kuvujia ndani ya ubongo, na picha za kichwa zionyeshe uharibifu unaolingana na hali hiyo. Kisha huondolewa kila kinachoweza kuiga kifo: mwili kupoa, sumu, dawa za usingizi, dawa za kulegeza misuli, na kuvurugika kwa sukari au chumvi za damu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unataka joto la ndani ya mwili lisipungue nyuzi 36 na, kwa mtu mzima, namba ya juu ya presha isipungue 100. Kama moyo ulisimama ukarudishwa, husubiriwa angalau saa 24.

Swali: Na vipimo vyenyewe?

Jibu: Mgonjwa huminywa sehemu zenye maumivu ili ionekane kama uso utakunjamana, mboni humulikwa kwa tochi, kioo cha jicho huguswa, na mrija huingizwa hadi kwenye njia ya hewa kuona kama atakohoa. Maji ya barafu humiminwa sikioni huku kope zikiwa zimefunuliwa: shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo na kuendesha pumzi, likiwa hai, macho husogea. Yasiposogea, daktari husubiri dakika kadhaa, kisha hurudia sikio la pili.

Cha mwisho ni kipimo cha pumzi. Mgonjwa hupewa kwanza oksijeni kwa wingi, halafu mashine huondolewa huku oksijeni ikiendelea kuingia kwa mpira mwembamba, na kifua na tumbo huachwa wazi ili vitazamwe kwa takriban dakika 8 hadi 10. Kabonidayoksaidi inayojikusanya katika damu ndiyo inayomlazimisha mtu kuvuta pumzi, hata akijaribu kujizuia. Ikifika 60 kwa milimita za zebaki, ikiwa imepanda kwa 20 au zaidi kutoka ilipoanzia, na hapakuwa na pumzi hata moja, shina la ubongo halifanyi kazi. Presha ikishuka vibaya au oksijeni ikipungua, kipimo husitishwa, na mara nyingi hutafutwa njia nyingine, kama kupima iwapo damu bado inafika kwenye ubongo.

Swali: Mbona tuliona vidole vikicheza?

Jibu: Uti wa mgongo unaweza kusogeza vidole, na hata kuinua mikono, bila ubongo kuhusika. Ni vyema ndugu waambiwe mapema, kwa kuwa anayeliona jambo hilo bila kuelezwa huondoka akiamini kuwa amedanganywa.

Swali: Saa ipi huandikwa kuwa saa ya kifo?

Jibu: Kwa mwongozo wa Marekani, ni pale majibu ya damu ya kipimo cha pumzi yanapotoka maabara yakiwa yamefikia kiwango. Uingereza, vipimo hufanywa mara mbili na madaktari wawili, kila mmoja akiwa amesajiliwa kwa zaidi ya miaka 5, lakini saa inayoandikwa ni ile ya kumalizika kwa awamu ya kwanza, ingawa kifo huthibitishwa baada ya ile ya pili.